Fundi Vioo na Mtandao wa Ijumaa

Kila Ijumaa saa kumi alasiri Fundi Vioo alinawa mikono, akavaa shati safi na kuketi mbele ya kompyuta katika chumba cha nyuma. Na kila Ijumaa, hata kiti hakijapata joto, mtandao ulikatika. Uso wa mkewe ulijaa skrini nzima, ukacheka, ukauliza habari za nyumbani, halafu ukaanza kumeguka vipande kama biskuti iliyozidi kwenye chai, mwisho ukaganda mdomo ukiwa wazi. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane.

Ijumaa ninayotaka kukusimulia, mkewe hakupoteza muda na habari za nyumbani.

"Baba, nisikilize haraka kabla hujapotea. Mkataba wangu unaisha. Wakala wa huku ameniletea karatasi ya miaka miwili mingine, anataka jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Sasa nakuuliza wewe. Nisaini, au ni..."

Kwisha. Akaganda na "ni" yake mdomoni.

Neno lililokuwa linafuata hata mtoto wa chekechea angelijua. Fundi Vioo alilijua. Aliitazama ile sura iliyoganda, akangoja, akabonyeza hiki na kile. Lakini nitakwambia kitu ambacho yeye mwenyewe asingekwambia hata umbane kwa koleo: alishusha pumzi. Mtu anaulizwa swali la maisha yake, mtandao unakatika, naye anafarijika! Jamani.

Baadaye ujumbe ukaingia kwenye kompyuta. "Umekatika tena. Utengeneze huo mtandao, baba. Jambo hili silitaki kwa maandishi. Wewe ndiye uliyeniambia nenda, kwa mdomo wako. Kama ni kurudi, niambie wewe, kwa mdomo huo huo, nikikutazama."

Akajibu, "Sawa." Alikuwa mwingi wa sawa, yule bwana.

Ni kweli alimwambia nenda. Miaka miwili nyuma binti yao alikuwa chuo cha uuguzi, karakana ya vioo ilikuwa imelala, watu wananunua vilivyokwisha tengenezwa, na wakala mmoja akaleta habari ya kazi nchi za mbali, kumhudumia bibi mgonjwa nyumbani kwake: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani asipate vidonda. Mke aliuliza, "Unasemaje?" Mume alikuwa amepinda juu ya meza akivuta kikata kioo kando ya rula, na mstari wa kioo haukatizwi katikati, ukisimama tu umeharibu. Alisema "Nenda" bila kuinua kichwa. Alimaliza mstari, akagonga, kioo kikaachana vizuri kabisa. Alipoinua kichwa mkewe alikuwa ameshaingia ndani.

Sasa binti amemaliza, ameajiriwa, ana nyumba yake. Karakana imeamka, saluni na hoteli zinaagiza vioo vikubwa vya kujitazamia. Sababu ya mke kuwa huko haipo tena. Lililobaki ni neno moja tu.

Mbona halitoki? Miezi ya mwanzo Fundi Vioo alilia, tena kilio cha mtu mzima, cha kufungulia bomba la maji ili jirani asisikie. Halafu siku moja akaacha. Hakupona, usije ukadhani alipona. Alikufa ganzi. Unajua ukikalia mguu muda mrefu? Mguu upo, unauona, lakini si wako. Yeye ilikuwa mwili mzima. Alikula amesimama. Aliwahi kujikata kidole akaja kujua baada ya kuona kioo kimekuwa chekundu. Na mkewe alipokuwa akisema kwenye skrini, "Nimekukumbuka, baba," yeye alitafuta ndani yake kitu cha kujibu, akapapasa kila pembe, asipate. Hilo lilimwaibisha. Atamwambiaje mtu rudi, naye moyoni hasikii chochote? Akirudi atamkuta nani?

Basi mtandao ukikatika, afadhali.

Lakini ameagizwa autengeneze, na yeye ni fundi, fundi hapendi kuacha kitu kibovu. Jumatatu akachukua simu yake ya vibonyezo, isiyojua mtandao, akaipigia kampuni. Akapokewa na mhudumu mwenye sauti ya asali.

"Zima ruta, mzee wangu, hicho kisanduku cha mtandao. Hesabu mpaka sitini. Washa."

Akazima, akahesabu, akawasha.

"Ruta iko wapi na kompyuta iko wapi?"

"Ruta iko karakana, ukuta wa mbele, ndiko waya unakoingilia. Kompyuta iko chumba cha nyuma. Hatua kumi na mbili."

"Huwezi kuzisogeza zikakaribiana?"

"Karakana ina vumbi la kioo. Kompyuta itakufa."

"Katikati kuna nini? Ukuta mnene? Friji? Kabati la chuma?"

"Hakuna kitu," alisema Fundi Vioo. "Sebule tu. Tupu."

Alisema hivyo bila nia ya kudanganya. Mhudumu akamwambia awe anaandika kila siku: saa ngapi, vijiti vingapi vya mtandao vinaonekana pembeni mwa skrini, maana vikiwa vinne ni vizuri, kikiwa kimoja ni balaa. Fundi Vioo alikuwa na daftari la kazi, ukurasa wa kushoto vipimo na siku vioo vilipoingia na kutoka. Wa kulia ulikuwa haufanyi kazi. Akaanza kuandika vijiti humo. Kimoja. Kimoja. Kimoja. Viwili. Kimoja.

Jumapili akaja shemeji yake, mdogo wake mkewe, mwalimu wa shule, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa. Ndiye aliyeiweka ile kompyuta.

"Shemeji, wewe na hii ruta mmepeana talaka?"

"Iangalie tu."

"Majirani wanakunyonya, shem. Nywila yako ni nini? Moja mbili tatu nne? Sasa hiyo si nywila, huo ni mwaliko!"

Wakabadilisha nywila. Baada ya dakika mbili mshonaji wa nyumba ya pili akachungulia karakana, miwani kwenye paji la uso, tepu ya kupimia shingoni.

"Hodi. Eti kwenu kuna mtandao? Wangu umekata ghafla."

"Wako upi, mama?" shemeji akauliza.

Mshonaji akawatazama, akaitazama ruta ukutani. "Kumbe ni wenu! Miye nilidhani wa serikali."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Fundi Vioo alitabasamu kwa sababu ilionekana ndio wakati wa kutabasamu. Mshonaji akapewa nywila mpya, maana ujirani ni ujirani, na hata hivyo si yeye aliyekuwa tatizo. Vijiti vilibaki pale pale. Shemeji akachokonoa mipangilio, akabadilisha hiki, akarudisha, mwisho akasema, "Dawa ya hakika ni waya. Tuvute waya mrefu kutoka ruta mpaka kwenye kompyuta, kazi ya nusu saa. Ninao nyumbani, nikuletee jioni?"

"Kesho," alisema Fundi Vioo.

"Kesho nina kazi."

"Basi siku nyingine."

Shemeji akamtazama kidogo. "Dada anakusubiri, ujue. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Najua."

Ijumaa iliyofuata mkewe alionekana kwa dakika tatu, kichwa kama ukungu. Aliuliza, "Umeshafikiri?" Yeye akasema "Nime..." ukakatika. Hata wewe usingejua kama angemaliza. Mimi pia sijui.

Wiki iliyofuata kampuni ikaleta fundi wake, jitu la watu, mkanda wa vifaa kiunoni na kipimo mkononi. Akapima kwenye ruta: safi. Akavuka sebule, akajibana kupita, akapima kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mzee, nyumba yako inameza mtandao. Unatoka hapa mzima, ukifika kule hoi. Nitakuandikia kifaa cha kuongeza nguvu."

"Kinakuja lini?"

"Wiki tatu hivi."

Ijumaa ya mwisho ilikuwa siku kumi zijazo. "Sawa," alisema Fundi Vioo.

Hujagundua kitu? Yule fundi alijibana kupita. Kwenye sebule tupu mtu anajibana kupitia nini? Haya, nikwambie. Mke alipoondoka, Fundi Vioo aliacha kukaa sebuleni. Viti viwili na kochi akavisukuma pembeni, akavifunika. Vioo vikubwa vilipoanza kuagizwa, akaogopa miguu ya wateja karakana, akavihamishia humo. Vimesimama mstari juu ya mstari, nyuso zimeelekea ukutani, mablanketi juu, mpaka ikabaki njia ya mtu mmoja mwembamba. Kwake yeye hivyo havikuwa vitu vya kuhesabu. Muuza unga huhesabu gunia kama fanicha? Na jitu la kampuni liliona mablanketi, likadhani mbao.

Ijumaa ya wiki hiyo mtandao ulikatika hata salamu hazijaisha. Jumatano ya wiki ya mwisho hoteli ikaja na gari, ikachukua vyake, ishirini na viwili kwa mpigo. Alasiri Fundi Vioo akakaa kwenye kompyuta kuagiza gundi. Ukurasa ukafunguka kabla hajaondoa kidole. Akatazama pembeni. Vijiti vinne. Akaandika kwenye daftari: vinne. Ndipo macho yakateleza kwenye ukurasa wa kushoto, kwenye mstari ule ule: vioo 22 vimetoka.

Akafunua nyuma. Tarehe tisa, vioo sita vya saluni vimetoka: vijiti viwili. Tarehe kumi, vioo tisa vimeingia: kimoja.

Akafunga daftari. Halafu akaenda sebuleni, akachukua kioo kimoja cha kujitazamia kati ya vichache vilivyobaki, akakisimamisha mlangoni, akarudi kutazama. Vijiti vitatu. Akaongeza cha pili, cha tatu. Viwili. Akatoa vyote, akatundika blanketi peke yake. Vinne. Akasimamisha kioo cha dirisha, kikubwa kuliko vyote. Vinne vile vile. Basi si kioo, ni mgongo wa kioo: ule utando wa madini ya fedha unaopakwa nyuma ili urudishe sura. Unarudisha sura, na kumbe mtandao nao unaurudisha ulikotoka. Na nani ajuaye mgongo wa kioo kuliko yeye, aliyebandua na kupaka maelfu? Kikulacho ki nguoni mwako. Miezi minane, mwanamume amejenga ukuta kati yake na mkewe kwa mikono yake, akaufunika blanketi usipate mikwaruzo.

Alhamisi gari la muuza vioo wa jumla likaleta vingine kumi na vinane. Akavipokea na, bila kufikiri, akavipanga sebuleni. Mikono ilizoea. Alipokwenda kutazama, kijiti kilikuwa kimoja.

Hapo ndipo penyewe. Ni yeye pekee aliyejua. Angeviacha pale, kesho saa kumi mtandao ungekatika, mkewe angesaini, na hakuna kiumbe ambaye angemlaumu. Shemeji angesema pole. Kampuni ingeomba radhi. Alikaa kitandani na viatu vyake, akalifikiria jambo hilo, na linalonikera ni kwamba halikumtisha. Aliona ni jepesi.

Ijumaa asubuhi akaamka, akanawa, akaanza kutoa vioo. Ukiniuliza aliamua saa ngapi, sijui, naye hajui, mikono ilitangulia. Kimoja kimoja, mkanda begani, akavipeleka karakana, na karakana ilipojaa akavipeleka kibarazani kwa mshonaji.

"Unahama?" mshonaji akauliza.

"Nasafisha."

"Mkeo anarudi!"

Akaingia ndani kuchukua kingine. Kwenye kioo cha mwisho blanketi lilianguka, akajiona. Mzee mmoja hivi, ndevu upande huu ndefu kuliko ule. Kinyozi hajinyoi, naam, na fundi vioo hajitazami. Akaenda kuchonga ndevu. Akavifunua viti, akafagia, akafungua dirisha la sebule lililokuwa limegoma. Chini ya kochi alikuta kibanio cha nywele cha mkewe. Akakiweka mezani kando ya kompyuta. Hakusikia chochote, lakini alikiweka.

Saa kumi. Vijiti vinne.

"Heee!" mkewe alisema. "Nakuona! Nakuona mpaka vifungo! Umenyoa?"

"Nimenyoa."

"Umekonda, baba. Unakula?"

"Nakula."

"Sauti yako kama uko chumba cha pili. Walikuja kutengeneza?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

Mkewe akacheka, na nyuma yake akaonekana mwanamke mwingine akikunja mashuka, mwenzake wa zamu, wa lugha moja, aliyekuwa akipokezana naye kumwangalia yule bibi. Mkewe akaacha kucheka. Akasogea karibu. Mvi zilikuwa zimemwingia juu ya masikio, hilo hakuwahi kuliona.

"Wakala yuko ofisini kwake mpaka saa kumi na moja. Karatasi ninayo hapa. Mtaa wa pili tu, natembea. Nikitoka nje ya nyumba hii simu yangu haina mtandao, kwa hiyo ni sasa. Niambie, baba. Nisaini, au nirudi?"

Fundi Vioo alifungua mdomo.

Neno lilikuwapo. Naapa lilikuwapo, herufi nne, lilifika hadi kwenye meno. Lakini alijitazama ndani kama alikuwa na haki ya kulisema, akakuta ile baridi yake ya siku zote, akangoja ipite kwanza. Akangoja. Mdomo wazi, mikono juu ya meza.

"Baba?" alisema mkewe. "Baba, unanisikia?"

Anasikia.

"Lo, ameganda." Akageukia nyuma. "Ameganda tena! Hebu tazama."

Sasa hapa ndipo ninapomshindwa huyu mtu. Ilitosha atikise kichwa. Ilitosha akohoe. Yeye aliposikia "ameganda" ikamjia ile pumzi ya kufarijika, akajitia hamnazo. Akajikaza asipepese macho. Akazuia kifua kisipande wala kushuka. Miaka hamsini na minne, mbele ya mkewe, anacheza mchezo wa watoto wa kuganda.

"Ngoja kidogo, utarudi," alisema mwenzake.

"Nimengoja miezi minane." Mkewe alikuwa amesogea karibu sana, akidhani anatazama picha. Mtu huitazama picha kwa namna asivyoweza kumtazama mtu. "Ona alivyokwisha. Alikuwa na mashavu huyu. Na kile si kibanio changu? Ona, amekitunza kibanio changu."

"Labda anataka urudi."

"Angesema. Mimi sikutaka maneno mengi. Angesema rudi tu, hata kwa mikwaruzo, ningefunga begi leo, bibi wa watu angetafutiwa mwingine." Akajifuta jicho kwa mgongo wa kiganja. "Siwezi kurudi kwa mtu asiyesema. Nitaishije naye?"

Macho ya Fundi Vioo yalikuwa yanawaka kwa kutopepesa. Yakajaa maji, tone likashuka. Hakuwa analia, ilikuwa ni jicho tu. Mkewe hakuliona, alikuwa ameinama kutafuta viatu.

"Haya," mkewe alisema akisimama, bila kumwambia mtu. "Basi." Skrini ikawa nyeusi.

Akapepesa macho.

Ganzi ya mguu ikiwa inatoka, kabla mguu haujawa wako, huchoma kwanza, sindano kila mahali, unashindwa kuukanyaga. Ilianzia kifuani. Fundi Vioo alishika ukingo wa meza akasikia kila kitu kwa pamoja: lile "nenda" la kwanza, bomba la maji, mvi juu ya masikio. Iliuma. Iliuma vibaya sana. Akapiga simu kwenye kompyuta, haikupokewa. Akapiga tena. Akaandika, kidole kimoja kimoja: "Mtandao ulikuwa mzima. Nilisikia yote. Rudi." Akatuma.

Tiki moja. Ujumbe umetoka, haujafika. Yuko njiani, mtaa wa pili, simu haina mtandao.

Alikaa akiitazama tiki ile. Saa kumi na nusu ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Mshonaji aligonga kuuliza kama vioo vilale kibarazani kwake, akamwambia vilale. Jua lilikuwa bado dirishani sebuleni tiki ya pili ilipotokea. Halafu zikageuka bluu, amesoma. Halafu kukaandikwa kwamba anaandika, ikaacha, ikaandika tena, muda mrefu, mpaka akadhani ni barua.

Ulipofika ulikuwa mfupi.

"Nimeshasaini. Ungepepesa jicho tu, baba."

Vijiti vilikuwa vinne. Vilibaki vinne siku ile nzima, na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata.